Mazungumzo ya Mwezi: Machela Iendayo Angani



 Mwezi huu tumekusudia kuzungumza nanyi habari za ndege zichukuazo wagonjwa, zile eropleni ambazo gharama zake hulipwa kwa sadaka za watu, ili mgonjwa asiye na kitu apate kuchukuliwa kama achukuliwavyo tajiri. Kazi yao ni kubwa, na wanaoitaja ni wachache.

Twajua ya kuwa mmoja wenu atauliza: "Jambo hili latuhusu nini sisi wa Temeke na Kinondoni? Hospitali tunazo karibu, Temeke na Mwananyamala na Amana, na ile kubwa ya Muhimbili. Hakuna ndege itakayotua Mbagala wala Tandale kuja kutuchukua." Swali hili ni jema, nasi tutalijibu kabla ya kuagana. Lakini kwanza na tuisimulie habari yenyewe, maana mtu hawezi kushukuru asilolijua.

Wazee wetu waliijua machela. Ni turubali au wavu uliofungwa katika mti mrefu. Mgonjwa hulazwa ndani, na wachukuzi huuweka mti mabegani, wakapokezana njiani. Katika nchi hii machela ndiyo iliyokuwa motakaa ya wagonjwa kwa miaka mingi, na mahali pengine ingali hivyo hata leo, illa badala ya turubali watu hutumia kitanda cha kamba, au baiskeli, au pikipiki. Jinsi safari ya mabegani ilivyo ndefu twaweza kuijua kwa habari ya Daktari Livingstone. Alikufa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Siku zake za mwisho hakuweza kwenda kwa miguu, watu wake wakamchukua. Alipokwisha kufa, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake mpaka pwani, wakafika Bagamoyo katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu mwezi wa Februari 1874. Hesabuni wenyewe miezi. Watu wale walikuwa waaminifu kupita kiasi, wala mabega yao hayakuwa na kosa. Njia ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko nguvu za mtu. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, walakini hakupatikana wa kumfikisha kwa daktari mwenziwe.

Katika Injili ya Mtakatifu Marko twapata habari ya mtu mwenye kupooza, aliyechukuliwa na watu wanne huko Kapernaumu. Walipoona mlango umezibwa na watu hawakurudi nyumbani. Walipanda juu ya nyumba, wakaifungua dari, wakamteremsha mgonjwa pamoja na kitanda chake mbele ya Bwana. Na tuangalie jambo moja ambalo wengi hulipita: mwandishi atuambia kwamba Bwana aliitazama imani yao wale wachukuzi. Mgonjwa hatajwi kusema hata neno moja, na majina ya wale wanne hatuyajui. Twaona kwamba kazi ya ndege za wagonjwa ndiyo kazi ya wanne wale. Njia ya chini ikizibwa kwa mto au kwa matope au kwa umbali, wao hupita juu.

Aliyeanza jambo hili kwa utaratibu alikuwa mhubiri wa dini, ndiye John Flynn, mchungaji wa Kanisa la Presbiteri katika Australia. Nchi ile ni kubwa mno, na katika bara yake watu hukaa mbalimbali sana, nyumba moja na jirani yake wameachana mwendo wa siku. Mwaka 1917 mchunga ng'ombe mmoja, jina lake Jimmy Darcy, aliumia vibaya karibu na Halls Creek. Daktari alikuwa Perth, mbali kabisa. Msimamizi wa posta wa mahali pale akampasua kwa kisu kidogo cha mfukoni, huku daktari akimwelekeza kwa simu ya waya, neno kwa neno. Kisha daktari mwenyewe akafunga safari kwa meli na kwa motakaa. Alipofika akakuta kijana amekwisha kufa. Habari hii iliwachoma watu moyo katika nchi nzima.

Mwaka uo huo Flynn alipokea barua ya kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Clifford Peel, ambaye aliingia jeshini kuwa rubani. Katika barua yake alieleza jinsi eropleni ziwezavyo kuwafikia wagonjwa wa bara, na gharama zake, na viwanja vyake. Kijana huyo hakuiona siku ya kutimia kwa maneno yake, maana aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918. Lakini barua haikupotea. Flynn alizunguka miaka kumi akiomba fedha na kuwasadikisha watu. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia, Hugh Victor McKay, alipokufa aliacha pauni 2,000 kwa kazi hiyo, na wengine wakatoa vidogo vyao. Mwezi wa Mei 1928, katika mji wa Cloncurry, ndege ya kwanza ikaruka, imekodiwa kwa kampuni ya Qantas, rubani wake Arthur Affleck na daktari wake Kenyon St Vincent Welch. Katika mwaka ule wa kwanza waliruka safari 50 na kuwatibu wagonjwa 225.

Ikabaki shida moja. Ndege yaweza kuruka, lakini nani ataiita? Fundi Alfred Traeger akatengeneza simu ya upepo iliyopata nguvu yake kwa kukanyagwa kwa miguu kama cherehani, na tangu 1929 mama wa nyumbani katika upweke wa bara aliweza kumwita daktari huku akikanyaga. Leo sura ya Flynn imechorwa katika noti ya dola 20 ya Australia. Ni heshima kubwa kwa mhubiri ambaye hakuwa na mali.

Na katika Kanisa letu Katoliki yupo Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati, aliyekuwa rubani katika vita kuu ya kwanza. Rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikufa kwa homa mwaka 1925 akiwa mmisionari katika nchi iitwayo leo Namibia, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitali upesi. Padre Schulte hakulia tu. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari motakaa na mashua na eropleni, na mwaka 1938 yeye mwenyewe aliruka mpaka nchi za barafu, kaskazini kabisa ya Kanada, akamtoa huko padre mgonjwa na kumfikisha kwa madaktari. Hata vita kuu ya pili ilipokwisha, marubani Wakristo wa makanisa ya Kiprotestanti walifanya chama chao, ndicho MAF, mwaka 1945. Walisema: ndege zilizotumika kuangusha mabomu, kwa nini zisitumike kuchukua dawa? Chama hicho kimefanya kazi na katika nchi yetu, na kwa miaka mingi kiliwachukua wauguzi wa hospitali ya Kilutheri ya Haydom kwenda katika vijiji vya mbali kuwapima mama na watoto.

Sasa tuje kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji walianzisha kazi ya madaktari warukao, baada ya kushauriana penye miteremko ya Kilimanjaro. Majina yao ni Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe ndiye aliyesifiwa kwa kuwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua vitani. Waliona ya kwamba katika Tanganyika, Kenya na Uganda madaktari wapasuaji walikuwa wachache mno, nao wote walikaa mijini, hali watu wengi walikaa mashambani. Wakasema: mgonjwa asipoweza kumfikia daktari, basi daktari na amfikie mgonjwa. Hivyo likazaliwa shirika lijulikanalo kwa jina la AMREF, na ndege zake hukaa katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Mwaka 1999 shirika hilo lilipewa Tuzo ya Conrad N. Hilton, ambayo hutolewa kwa wale wapunguzao mateso ya wanadamu.

Utaratibu wa fedha zake wafaa kujulikana, maana watu wengi wanaona kwamba ndege hizi ni za watalii tu. Ni kweli kwamba watalii na wenye bima hulipa. Lakini ziada ipatikanayo kwao, pamoja na sadaka za wafadhili, ndiyo isaidiayo kumchukua bure maskini asiyeweza kulipa. Huko Uingereza jambo hili lafanywa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1987, helikopta ya kwanza ya namna hii ilipoanza katika jimbo la Cornwall, vyama vingi vimeenea nchini, na sehemu kubwa ya gharama hutoka katika mifuko ya watu wa kawaida. Wazee huacha wosia, watoto wa shule hukusanya senti, na vijana hukimbia mbio ili wachangiwe.

Na jirani zaidi yuko Padre Pat Patten, mzaliwa wa Marekani, wa Shirika lile lile la Roho Mtakatifu lililofika Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka 1983 alianzisha Arusha kazi iitwayo Flying Medical Service. Marubani wake ni watu wa kujitolea. Ndege zao ndogo huzunguka kwa zamu katika nchi ya Wamasai, zikiwachukua wauguzi na chanjo mpaka mahali pasipo zahanati; mama wajawazito hupimwa, watoto hudungwa sindano, na mtu mwenye hatari huchukuliwa siku hiyo hiyo mpaka hospitali. Mapadre wa shirika lile waliouona mwili wa Livingstone ukifika kwa mabega ya watu, ndugu yao amewapatia wagonjwa mabawa.

Labda walimu watapenda kuwaeleza watoto jinsi kazi hii ifanyikavyo. Kwanza habari hupelekwa kwa simu: mgonjwa ni nani, ana nini, yuko wapi, na uwanja u hali gani. Rubani na muuguzi hujitayarisha pamoja. Ndani ya ndege viti vimeondolewa upande mmoja, ikawekwa machela, na mitungi ya hewa ya oksijeni, na dawa, na chombo cha kuangalia mapigo ya moyo. Oksijeni ni lazima, kwa sababu kadiri ndege ipandavyo ndivyo hewa inavyopungua, na mwenye ugonjwa wa mapafu au aliyepoteza damu huona shida upesi kuliko mzima. Baadhi ya ndege, kama ile iitwayo Pilatus PC-12, zina mlango mpana nyuma wa kuingizia machela, nazo huweza kutua juu ya udongo mtupu.

Na huo uwanja wa udongo haujifanyi wenyewe. Ni watu wa kijiji waufyekao majani, na kuvunja vichuguu, na kufukia mashimo ya wanyama. Ndege inaposikika, wachungaji hukimbia kuwatoa ng'ombe, na mwingine huwasha moto ili moshi umwonyeshe rubani upepo unavuma kutoka wapi. Uwanja ukiwa na matope, ndege hairuki. Tena viwanja vingi vya vijijini havina taa, kwa hiyo ndege ndogo hutua huko wakati wa mchana tu. Habari ikipelekwa asubuhi, mgonjwa yuko hospitali kabla ya jua kuchwa. Ikipelekwa saa kumi na moja jioni, kwa sababu wenyeji walikaa mchana kutwa wakisema "tungoje tuone," basi atangoja mpaka kesho, naye pengine hataiona kesho hiyo.

Wako wasemao ya kwamba fedha za ndege zingefaa zaidi kujengea zahanati. Hawasemi upumbavu. Saa moja ya kurusha ndege hula fedha nyingi, na mtu mmoja aponaye kwa ndege aonekana ghali kuliko watoto wengi waliochanjwa. Lakini na tutazame matendo ya hao wenyewe. AMREF tangu zamani imewafundisha wauguzi na wakunga na wahudumu wa vijiji, hata leo kufundisha na kuzuia magonjwa ndiyo kazi yake kubwa kuliko kuruka. Marubani wa Arusha hupeleka chanjo kwanza, na kuchukua mahututi hufuata. Ndege njema ni ile inayotaka isihitajiwe. Walakini mpaka barabara na zahanati zifike kila mahali, yuko mtu leo, ana jina lake na mama yake, na hawezi kungojea miaka ishirini ya barabara. Msamaria katika mfano wa Bwana hakumwambia aliyejeruhiwa kwamba ni afadhali kwanza njia ya Yeriko iwekewe walinzi. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa.

Sasa twaja kwa swali lililoulizwa mwanzo. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi wao juu ya vifo vya akina mama wazazi. Walionyesha kwamba mama huchelewa mara tatu. Huchelewa kwanza nyumbani, watu wanapokuwa hawajakata shauri la kumpeleka. Huchelewa mara ya pili njiani. Na mara ya tatu huchelewa hospitalini, kabla ya kupata tiba impasayo. Ndege hupigana na lile la pili, nalo hulishinda vizuri sana. Mtu wa Mafia aliyetegemea chombo cha baharini kwenda Nyamisati, halafu motakaa mpaka mjini, kwa ndege afika kwetu kwa muda upatao nusu saa. Lakini juu ya ucheleweshaji wa kwanza, ule wa nyumbani, hakuna ndege iliyoundwa wala itakayoundwa.

Na huo wa kwanza, ndugu, haukai Mafia wala katika nchi ya Wamasai peke yake. Unakaa Temeke. Unakaa Kinondoni. Tulipata kuitwa katika nyumba moja ya pembezoni mwa Temeke, ili tusali na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, na wakati ule ilikuwa adhuhuri imepita. Bajaji zilisimama penye kona, hatuwezi kusema ni mbali, sauti ya madereva ilisikika ndani. Mume alikuwa kazini Kariakoo na simu yake haikupokewa. Mama mkwe alisema hawezi kutoa ruhusa mwanawe hayupo. Shangazi alisema fedha iliyopo ni ya kodi ya nyumba. Jirani mmoja alisema uchungu wa mtoto wa kwanza ndivyo ulivyo. Kila mmoja alimpenda yule mama, nasi twashuhudia hivyo. Wala hakuna aliyemtakia mabaya. Tulisali kwa ufupi, tukawaambia sala iliyobaki tutaisali ndani ya bajaji. Wakaondoka. Mama alipona kwa taabu. Mtoto hakupona.

Tangu mlango wa nyumba ile mpaka hospitali, hata kwa foleni ya barabara ya Kilwa, hapafiki mwendo wa saa moja. Mmasai wa Ngorongoro angeitamani njia hiyo kama zawadi. Basi tuone haya kidogo, si kwa kulaumiana, bali kwa kujifunza. Kule porini mtu aliyekata shauri mapema hupungukiwa na njia. Hapa kwetu njia ipo, nasi twapungukiwa na shauri. Mama atokaye damu baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa chache, pengine mbili tu, na saa hizo hazingojei simu ya Kariakoo.

Kwa ajili hiyo twaona kwamba shukrani iliyo ya kweli kwa watu wa ndege si kuwasifu tu, bali kuichukua sehemu yetu ya machela, yaani ule mwanzo wa safari ulio mlangoni mwetu. Twaweka mbele yenu mambo manne.

La kwanza ni la wenye nyumba. Mke akiwa mjamzito, mume na mke na wazee wa nyumba wakae siku moja, mwezi wa saba usipite, wakubaliane: dalili ya hatari ikionekana, yeyote aliyepo ana ruhusa ya kuondoka na mama, asimngoje mtu. Fedha kidogo iwekwe mahali palipojulikana, isiguswe kwa kodi wala kwa harusi. Na namba ya simu 115 iandikwe ukutani. Namba hiyo ni ya mpango wa m-mama, wa kuwasafirisha akina mama wazazi na watoto wachanga wenye hatari, ulioanza upande wa Ziwa, kisha ukazinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Kupiga ni bure, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo, dereva wa jirani aliyeandikishwa huitwa. Nayo pia ni machela, ingawa haina mabawa.

La pili ni damu. Ndege inaposhuka Kipawa na mtu aliyepasuka bandama kwa ajali, au mama aliyekwisha damu, haimfai sana akikuta ghala ya damu ni tupu. Damu hiyo haitoki Nairobi wala Ulaya. Yatoka katika mikono yetu, kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Vijana wenye afya na watoe. Asiyekuwa na shilingi ya sadaka ana sadaka hii mwilini mwake, na Mungu humrudishia kabla ya siku nyingi.

La tatu ni ukarimu. Ndege humleta mgonjwa, na pengine ndugu mmoja tu pamoja naye, wala yule ndugu haujui mji. Atalala wapi? Atakula nini? Wengi wamelala nje penye ukuta wa hospitali. Ninyi mlio na chumba Keko, au Mtoni, au Magomeni, au Manzese, mtu wa kwenu wa bara akileta mgonjwa msimwone kuwa ni mzigo. Na mama wa jumuiya wanaopika uji wa kupeleka wodini, wasiache kuuliza: "Je, yuko asiyekuwa na mtu?" Msamaria alilipia nyumba ya wageni, lakini mwenye nyumba naye alifungua mlango, na thawabu yake ipo.

La nne ni mchango. Asiseme mtu kwamba ndege ni ya matajiri wa Ulaya, na kitu chetu ni kidogo. Kumbukeni Muhimbili yenyewe. Hospitali hiyo ambayo ndege hutuletea wagonjwa wake ina asili katika hospitali ya mwaka 1897, iliyoitwa kwa jina la Sewa Haji, mfanya biashara Mhindi aliyetoa mali yake ili watu watibiwe, asiulize kabila wala dini. Hakuwa wa dini yetu, nasi twala matunda ya mkono wake hata leo. Ikiwa mtu yule alitoa, Mkristo atajificha nyuma ya umaskini wake? Kila jumuiya iweke sanduku dogo la wagonjwa. Sehemu moja iwe ya bajaji ya usiku kwa jirani aliyepungukiwa, na sehemu nyingine, hata mara moja tu kwa mwaka, ipelekwe kwa hao wanaoruka.

Tena tusisahau kuwaombea. Mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimweka Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa watu warukao angani, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 10 Desemba. Ingefaa siku hiyo, baada ya Rozari ya jioni, kila nyumba iongeze Salamu Maria moja kwa ajili ya marubani na wauguzi wa ndege za wagonjwa, na kwa ajili ya wale waliokufa katika kazi hiyo. Wao hupita juu ya mabati yetu, sisi tukisikia sauti tu. Watoto hutazama juu na kupunga mikono. Tangu leo mtoto akipunga mkono, mzazi amwambie ya kuwa pengine ndani ya ndege ile yuko mtu aliyelala machelani.

Walimu, mkimaliza kusoma, waulizeni wasikilizaji wenu maneno haya matatu, wala msiwajibie upesi: Kwetu, mgonjwa akizidiwa usiku, nani ana ruhusa ya kusema "twende"? Fedha ya njia iko wapi? Na jirani yangu asiyekuwa na mtu, atamwita nani? Nyumba iliyo na majibu ya maswali hayo imekwisha kuushika mti wa machela.

Mungu awabariki nyumbani mwenu, mpaka mwezi ujao.

Katekista wenu,
Temeke.